Manufaa ya Wengi na Maji ya Kinjeketile

Utangulizi

Katika toleo hili safu yetu ya uhakiki inarudi kwenye kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma zaidi ya mara moja, na ambacho baadhi yetu tumekifundisha mpaka kurasa zikaachana na jalada. Ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Hatukusudii kueleza upya dhamira, wahusika na mandhari yake, kwani hayo yamo katika daftari la kila mwanafunzi wa fasihi. Tunakusudia kuuliza swali moja tu: je, ni haki kuwaficha watu ukweli kwa sababu kuuficha kunawafaa walio wengi?

Swali hili limetujia kwa njia isiyotupa sifa. Katika mtihani wa mwisho wa muhula tuliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili kama Kinjeketile alikuwa sahihi kukataa kutamka kwamba maji ni uongo. Mwongozo wetu wa kusahihisha ulikuwa tayari: alikuwa sahihi, kwa sababu alilinda umoja, alilinda matumaini, alilinda heshima ya waliokufa, na aliwaachia wajukuu moto wa kupigania uhuru. Kila hoja ilikuwa na alama zake. Mwanafunzi mmoja alizitaja hoja zote hizo, kisha akaongeza aya fupi mwishoni. Alisema kwamba Kinjeketile na Kitunda wanabishana juu ya faida ya maji, lakini hakuna hata mmoja aliyewauliza wale waliokwenda kusimama mbele ya bunduki. Tuliandika kwa kalamu nyekundu, "Nje ya swali," na aya ile haikupata kitu.

Alikuja ofisini akiwa na adabu zake zote. "Shikamoo mwalimu. Sikuja kuomba alama. Nilitaka tu kujua, nje ya swali ni wapi?" Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jibu letu, ingawa limechelewa.

Falsafa ya manufaa ni nini?

Mwongozo wetu wa kusahihisha ulikuwa umeegemea falsafa fulani bila sisi wenyewe kujua. Falsafa hiyo hufundishwa katika idara za jirani, na aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huisikia kwa mbali. Sisi tutaiita falsafa ya manufaa, au kwa ufupi umanufaa. Husema hivi: tendo ni jema au baya kwa kadiri ya matokeo yake, na matokeo mema ni yale yanayoongeza furaha na kupunguza maumivu kwa watu wengi iwezekanavyo. Nia njema haitoshi, na desturi ya mababu haitoshi. Kinachopimwa ni kile kitakachotokea, na kitamfika nani.

Mwanzilishi wake anayetajwa zaidi ni Mwingereza Jeremy Bentham (1748–1832), ambaye mwaka 1789 alitoa kitabu juu ya misingi ya maadili na utungaji wa sheria. Bentham aliamini kwamba raha na maumivu vinaweza kupimwa. Alitaja vipimo saba: ukali wa raha, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, uwezo wake wa kuzaa raha nyingine, usafi wake, yaani kutochanganyika na maumivu, na upana wake, yaani idadi ya watu inaowafikia. Aliyemfuata, John Stuart Mill (1806–1873), aliona kwamba hesabu hiyo ni kavu mno. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1861, na ambayo yalifanywa kitabu mwaka 1863, alisema kwamba raha hazilingani kwa ubora. Raha ya akili na ya utu haiwezi kuwekwa katika mzani mmoja na raha ya tumbo.

Walimu wa lugha tunapaswa kusimama kidogo hapa. Mwanafunzi anayefasiri fikra hizi kwa Kiswahili hukutana na msitu wa maneno: raha, furaha, starehe, anasa, heri, faida, manufaa, maslahi. Si maneno yanayobadilishana viti bila hasara. Raha kwetu ina maana ya kupumzika pamoja na kufurahi. Starehe inaweza kusifiwa au kulaumiwa. Anasa inakaribia lawama. Faida inanusa duka. Maslahi siku hizi inanusa mkataba wa kazi na madai ya wafanyakazi. Heri ni pana kuliko yote, lakini haipimiki kwa urahisi. Tofauti aliyoitafuta Mill kwa kurasa nyingi, mzungumzaji wa Kiswahili anaigusa kila anapochagua kati ya anasa na heri. Ndiyo maana tumechagua neno manufaa, kwa kuwa halijafungwa sana na biashara wala mwili, na kwa kuwa linabeba kitenzi kufaa, ambacho kila mtoto anakijua.

Hesabu ya mkoloni

Kabla ya kuingia jukwaani, inafaa kukumbuka kwamba hesabu ya manufaa ilikuwa imekwisha kufika Afrika ya Mashariki kabla ya maji. Mill alifanya kazi katika kampuni ya Waingereza iliyotawala India tangu mwaka 1823 hadi 1858. Katika kitabu chake juu ya uhuru, cha mwaka 1859, alisema kwamba kanuni ya uhuru haiwahusu watu wa jamii alizoziona kuwa bado changa. Hao, kwa maoni yake, wangeweza kutawaliwa kwa mabavu mradi lengo liwe ni kuwaendeleza. Msomaji wa Afrika hawezi kuupita ukurasa huo kimya kimya.

Wajerumani hawakuhitaji kumsoma Mill ili kufanya walivyofanya, lakini hoja waliyoitumia ni ya ukoo huo huo. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ililazimisha kilimo cha pamba katika mashamba ya pamoja kusini mwa koloni lake. (Wasomaji wetu wa Rwanda watalikumbuka jina hilo, maana ndiye yule aliyepita nchini mwao mwaka 1894.) Ilisemekana kwamba pamba italeta maendeleo kwa wote. Matokeo yalikuwa viboko, ujira usiostahili kutajwa, na mashamba ya chakula kuachwa yaote magugu. Mwezi wa Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 wamekufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hayo kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Lakini tusimwonee Bentham. Kanuni yake inataka kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja, wala pasiwe na anayehesabiwa kuwa zaidi ya mmoja. Kwa kanuni hiyo, kiboko kinachomwangukia mkulima wa Rufiji kina uzito sawa na kiboko ambacho kingemwangukia gavana. Mpango wa pamba ungefeli katika mtihani wa Bentham mwenyewe. Kosa la wakoloni halikuwa kupiga hesabu tu. Walipiga hesabu huku wakiwa wamewatoa wengi nje ya orodha. Hili tulishike, kwa sababu tutalihitaji mbele.

Hesabu ya Kitunda na hesabu ya Kinjeketile

Sasa tuingie jukwaani. Tuwakumbushe wanafunzi kwamba mwandishi mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi wake: Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, kabla ya mapigano makubwa ya Mahenge ya mwisho wa mwezi huo. Wa tamthilia anaishi mpaka aone kushindwa. Mabadiliko hayo si makosa ya tarehe. Hussein alimhitaji Kinjeketile aliye hai baada ya risasi kupenya, ili aulizwe swali ambalo mtu wa historia hakupata nafasi ya kuulizwa.

Mwanzoni Kinjeketile si mwongo. Anaingia mtoni, anatoka, anaamini alichopewa. Watu wa makabila mbalimbali, ambao jana hawakuaminiana, wanasimama pamoja kwa sababu ya maji yale. Ikiwa tutahukumu kwa manufaa, saa hii ndiyo saa ya neema: imani imewaunganisha watu na haijamgharimu mtu yeyote. Tatizo linaanza pale Kinjeketile anapoyasikia upya maneno aliyoyasema akiwa amepagawa, kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said, na kutambua kwamba maana yake ni kutoka katika utawala mmoja na kuingia katika mwingine. Shaka inaingia. Tangu saa hiyo maji si yale yale, ingawa yamo katika chombo kile kile.

Kitunda ni mtu wa mipango. Yeye anajua thamani ya mazoezi, ya silaha na ya kungoja. Anajua pia kwamba umoja umesimama juu ya maji, na kwamba ukiyaondoa maji ghafla watu watarudi kila mmoja kwao. Kwa hiyo hesabu inasema: acha waamini. Kunyamaza kunahifadhi umoja. Umoja unahifadhi uwezekano wa ushindi. Ushindi utawafaa wote, pamoja na wale waliofichwa ukweli. Hakuna kiungo kibovu katika mnyororo huu kwa mtu anayeutazama kutoka juu.

Katika gereza hali inageuka. Vita vimeshindwa, na Mjerumani anamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Sasa Kitunda ndiye anayetaka ukweli usemwe, kwa kuwa watu wanaendelea kufa kwa ajili ya imani ile. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akitamka hivyo, maadui watasema waliopigana wote walikuwa wamekosea kupigana, na kizazi kijacho kitaikuta njia imezibwa. Neno limekwisha kuzaliwa, nalo ni kubwa kuliko aliyelitamka.

Wahakiki wengi, nasi tukiwemo katika mwongozo wetu, tumelisoma onyesho hili kama mgongano kati ya mtu anayehesabu na mtu anayeamini. Tulipolisoma tena tuliona kwamba si hivyo. Wote wawili wanahesabu. Kitunda anawahesabu walio hai, Kinjeketile anawahesabu wasiozaliwa. Kitunda anaangalia mavuno ya msimu huu, Kinjeketile anaangalia mbegu. Kwa vipimo vya Bentham, Kitunda ana ukaribu na uhakika, Kinjeketile ana upana na uwezo wa kuzaa. Hii ndiyo sababu mjadala wa darasani haumaliziki: kila upande unaweza kuipinda mizani kwa kusogeza mwisho wa hesabu mbele au nyuma. Ukikomea mwaka 1907, maji ni maafa. Ukifika mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, maji ni mwanzo wa safari. Falsafa inayosema tupime matokeo haituambii matokeo yanaishia wapi.

Wakati ule shaka ilipoingia

Tunapendekeza basi tuondoe macho gerezani na kurudi nyuma, kwenye zile siku za kungoja. Huko ndiko aya ya mwanafunzi wetu inakotupeleka. Katika siku zile viongozi wana shaka, na watu wana imani. Kijana anayejipaka maji anaamua kuhatarisha maisha yake kwa kipimo kimoja, na wale wanaomwamuru wanajua kwamba kipimo hicho huenda si cha kweli. Labda angeambiwa ukweli angekwenda hata hivyo. Wakulima waliochoka na viboko waliwahi kupigana bila dawa katika nchi nyingi. Labda asingekwenda. Jambo la msingi ni kwamba "labda" hiyo ilikuwa mali yake, na alinyang'anywa.

Mwaka 1971 Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake juu ya nadharia ya haki, aliulaumu umanufaa kwamba hautilii maanani utengano wa mtu na mtu. Alikuwa na maana kwamba mtu mmoja anaweza kuvumilia maumivu leo ili apate raha kesho, kwa sababu mwenye maumivu na mwenye raha ni yeye yule. Lakini jamii si mtu mmoja. Maumivu ya huyu hayafutwi na raha ya yule. Anayekufa Mahenge hafidiwi na mjukuu wa mtu mwingine anayepandisha bendera. Mwanafunzi wetu hajamsoma Rawls. Alilifikia jambo hilo kwa kusoma tamthilia kwa makini na kuwatafuta watu wasio na majina ndani yake.

Mtetezi wa umanufaa atatujibu, na jibu lake lina uzito. Atasema kwamba falsafa yake si lazima iruhusu uongo wa Kitunda. Mtu anaweza kupima manufaa ya kanuni badala ya tendo moja moja. Na kanuni inayowaruhusu viongozi kuwaficha watu mambo yanayohusu uhai wao, ikifuatwa kwa miaka mingi, itabomoa imani kwa viongozi wote, wa kweli na wa uongo. Mill mwenyewe aliona kwamba kuaminika kwa maneno ya watu ni nguzo kubwa ya furaha ya jamii. Tunakubali. Lakini tunaona kwamba jibu hili linafika mahali pazuri kwa njia ya mzunguko. Linasema kijana yule asidanganywe kwa sababu jamii itaharibika. Sisi tunadhani asidanganywe, kwanza kabisa, kwa sababu ni uhai wake.

Methali zetu zasemaje?

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba falsafa ya manufaa ni ya kigeni, na kwamba hekima yetu yote iko upande wa utu. Methali hazikubali kugawanywa hivyo. "Wengi wape" ni umanufaa kwa maneno mawili. "Heri nusu shari kuliko shari kamili" ni hesabu tupu ya kupunguza maumivu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" imetumiwa mara nyingi kuhalalisha kumtupa mtu mmoja kwa usalama wa kapu zima.

Upande wa pili upo pia. "Tenda wema nenda zako" inatutaka tusisubiri matokeo. "Njia ya mwongo ni fupi" inaonekana kama onyo la matokeo, lakini anayeitumia aghalabu anamlaumu mwongo hata kabla hajafika mwisho wa njia. "Damu ni nzito kuliko maji" inapinga moja kwa moja sharti la kumhesabu kila mtu kuwa mmoja, kwa kuwa inampa ndugu uzito zaidi. Hapana shaka methali hii ikisomwa kando ya tamthilia hii inachoma: maji ya Kinjeketile yalitaka kuwa mazito kuliko damu za makabila, na kwa muda yalifaulu.

Kwa hiyo jamii ya Waswahili, kama jamii nyingine, haikuchagua nadharia moja. Iliweka akiba ya methali zinazopingana, ikamwachia mzee wa baraza kazi ya kujua ipi inafaa leo. Kazi hiyo ni ngumu zaidi kuliko kupanga alama.

Sisi na manufaa ya lugha

Ingekuwa unafiki kumaliza bila kujitazama. Sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tumeitetea lugha hii kwa hoja ya manufaa miaka mingi. Tuliposhangilia marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na tuliposhangilia uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, tulisema nini? Tulisema kinafungua biashara, kinaleta ajira, kinaunganisha mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki. Hoja hizo ni za kweli. Lakini ni hesabu ya wengi. Mzee anayekikumbuka Kiswahili kama lugha ya mwanajeshi aliyeugonga mlango wake usiku hayumo katika hesabu hiyo. Mtoto ambaye lugha ya mama yake ina wasemaji wachache, naye ataongezewa lugha nyingine katika ratiba, hayumo pia. Hatusemi Kiswahili kisifundishwe. Tungekuwa tunakata tawi tulilokalia. Tunasema kwamba watu hao wasielezwe kana kwamba ni mabaki ya kutoa katika hesabu. Wazungumzwe nao, na ukweli wote wa historia ya lugha hii usemwe, pamoja na sehemu zisizotupendeza.

Hitimisho

Tukirudi kwenye tamthilia, maoni yetu ni kwamba ukubwa wa Kinjeketile hauko katika kumwonyesha shujaa aliyechagua vizuri. Uko katika kumwonyesha mtu mwema ambaye neno lake liliwafaa watu na kuwaua, na ambaye alichelewa. Kukataa kwake gerezani kunaweza kutetewa, nasi bado tunakutetea. Kunyamaza kwake kabla ya vita ni vigumu kukutetea, hata kwa jina la umoja. Mwalimu anayefundisha la kwanza bila la pili anafundisha nusu ya kitabu.

Kwa walimu wenzetu tuna mapendekezo matatu. Kwanza, swali la "alikuwa sahihi au hapana" lifuatwe daima na swali la "kwa hesabu ya nani?" Pili, wanafunzi waandike upya onyesho moja la kungoja, kwa sauti ya askari wa kawaida aliyesikia kwa bahati kwamba Kinjeketile ana shaka. Tatu, mwongozo wa kusahihisha uache nafasi ya hoja ambayo aliyeutunga hakuifikiria.

Kuhusu mwanafunzi wetu, alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa ofisi ya mitihani, na zilibaki kama zilivyo. Tulimwomba radhi. Tumemwomba pia aturuhusu kuitumia aya yake kama swali la mtihani wa muhula ujao, naye amekubali, kwa sharti kwamba asiwe mmoja wa watakaolijibu. Wasomaji wenye maoni tofauti tunawakaribisha watuandikie kupitia idara, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.